Nani Ameshika Filimbi? Historia ya Walimu na Waamuzi wa Netiboli Kwetu Mkoani

Kuna mechi ya netiboli ambayo mpaka leo haijaisha. Tuliicheza tukiwa wasichana wa skuli, baina yetu na skuli ya jirani, alasiri moja baada ya mvua, na watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, hata wavuvi waliokuwa wakipanda kutoka pwani na ndoo zao mkononi. Mwalimu wetu wa kike, ambaye ndiye aliyetufundisha mchezo na ndiye aliyekuwa akituamulia mechi zote, alikuwa amehamishiwa Unguja muhula uliotangulia. Akatafutwa bwana mmoja muungwana, refa hodari wa kandanda, akapewa filimbi.

Robo tatu zilipita salama. Katika robo ya nne msichana wa upande wa pili, mwenye herufi WA kifuani, aliingia ndani ya duara, akarusha, mpira ukazama kwenye pete. Bao likahesabiwa. Sisi tukapiga kelele, maana kila anayejua netiboli anajua kwamba wafungaji ni wawili tu, GS na GA, na WA hana ruhusa hata ya kukanyaga ndani ya duara. Refa alitutazama kwa upole akasema, "Mpira ukishaingia umeingia." Tukatoka uwanjani. Wenzetu nao wakatoka, kwa sababu na wao waliona haya kuhesabiwa bao lile. Tulirudi nyumbani tukilia, na bwana yule alirudi kwake akishangaa amekosa nini.

Sina lawama naye hata kidogo. Aliombwa afanye kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Naikumbuka mechi ile kwa sababu vitu vyote vilikuwepo: nguzo mbili, pete mbili zilizokunjwa na fundi wa baiskeli, mistari ya chokaa, mpira wenye upepo, na wasichana kumi na wanne walio tayari. Aliyekosekana ni mtu mmoja.

Nimeombwa niandike historia ya netiboli kwetu kwa ajili ya kitabu cha mwaka huu. Nilipoanza kukusanya mambo niliona kwamba historia ya mchezo huu, tangu ulipozaliwa, ni historia ya walimu. Kandanda ilienezwa na mabaharia, makarani, askari, na watoto waliopiga chenza njiani. Netiboli haikuenea hivyo. Ilikwenda mahali alipokwenda mwalimu wa kike aliyefunzwa, na pale alipoondoka, mara nyingi na yenyewe iliondoka.

Tuanze mbali kidogo. Mwezi wa Disemba mwaka 1891, katika mji wa Springfield huko Marekani, mwalimu wa mazoezi aitwaye James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda ukutani ili wanafunzi wake wapate mchezo wa kucheza ndani wakati wa baridi. Sisi tungetundika pakacha. Vikapu vile havikuwa na tundu chini, kwa hiyo kila bao likifungwa lazima mtu apande kuutoa mpira. Huo ndio mwanzo wa mpira wa kikapu.

Uingereza wakati huo palikuwa na chuo cha wanawake peke yao, kilichoanzishwa mwaka 1885 na mwanamke wa Kiswidi, Martina Bergman-Österberg. Kazi ya chuo hicho, kwanza Hampstead na baadaye Dartford, ilikuwa moja: kutoa walimu wa kike wa mazoezi ya viungo. Mwaka 1895 mgeni kutoka Marekani aliwaonyesha wanafunzi wa chuo mchezo ule wa vikapu. Wakaupenda, lakini wakaugeuza. Wakaweka pete badala ya vikapu, wakaugawa uwanja sehemu tatu, wakakataza kukimbia na mpira na kuudundadunda ovyo. Wapo wanaosema waliugeuza kwa sababu ya magauni marefu ya zama zile, na huenda kweli, lakini mimi naona jambo jingine. Ni mchezo uliotengenezwa na walimu waliotaka kila msichana aguse mpira, asiwepo mmoja mwenye nguvu anayeuchukua kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Wahitimu wa chuo hicho waliunda chama chao mwaka 1899, wakakiita Ling Association kwa jina la Msuidi aliyeasisi mazoezi yale. Mwaka 1901 chama hicho kikachapisha kanuni za kwanza za netiboli. Chama cha kwanza kuandika sheria za mchezo huu kilikuwa chama cha walimu. Hakikuwa klabu wala timu ya mji. Kutoka hapo walimu hao walitawanyika katika skuli za wasichana, Uingereza na katika makoloni yake, na kila mmoja alibeba mchezo kichwani na filimbi shingoni.

Tatizo likazaliwa hapo hapo. Kila mwalimu akifika ng'ambo alifundisha alivyokumbuka, na baada ya miaka kila nchi ilikuwa na netiboli yake. Australia walicheza watu saba, New Zealand walicheza tisa, pete kwengine ina kibao nyuma na kwengine haina. Timu mbili zikikutana ilibidi kwanza wakubaliane wanacheza mchezo gani. Ilichukua mpaka mwaka 1960, katika mkutano uliofanyika Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, ndipo nchi zikaunda shirikisho moja na kukubaliana kanuni moja. Miaka mitatu baadaye, 1963, mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Eastbourne, Uingereza, kwa nchi 11, na Australia wakachukua ubingwa.

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala hii aliniuliza, Ceylon na Mkoani zinahusiana nini? Ni kwamba bwana yule wa kandanda na wasichana wa skuli yetu walikuwa katika hali ile ile ya kabla ya 1960: watu wa upande mmoja wana kanuni kichwani, wa upande mwengine wana nyengine, na hakuna wa katikati anayeaminiwa na wote wawili.

Kwetu Zanzibar mlango wa netiboli ulikuwa skuli za wasichana, kama ilivyokuwa pote Afrika Mashariki chini ya Waingereza. Skuli ya Serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1927, wakati ambapo wazee wengi bado walikuwa na shaka ya kumpeleka mtoto wa kike darasani, seuze uwanjani. Kwa miaka mingi elimu ya mtoto wa kike ilikuwa ya wachache, na wengi wa wachache hao walikuwa wa mjini. Mtoto wa Kengeja au wa Wambaa hakuwa na sababu ya kuijua GS wala GK.

Mambo yalibadilika baada ya Mapinduzi. Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ilitangaza elimu bila malipo, na idadi ya wasichana darasani ikapanda hadi mashamba. Siku hiyo inaadhimishwa kila mwaka, na maadhimisho yake yana michezo ya wanafunzi kutoka wilaya mbalimbali, netiboli ikiwemo. Wengi wetu tulioicheza tuliingia kwa mlango huo. Mwalimu aliambiwa apeleke timu, akaenda nyuma ya skuli, akapima kwa hatua zake, akachimba mashimo mawili.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hawa walimu hawajaandikwa popote. Hakuwa kocha tu. Ndiye aliyekuwa mwamuzi, ndiye aliyeshona herufi kwenye vipande vya kitambaa tukafunga kifuani, ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba baada ya magharibi kuzungumza na wazee. "Mzee, nimekuja kumuombea mwanao ruhusa." Na mzee, akimwona ni Mwalimu fulani, mtoto wa fulani, anayejulikana mtaani, aliyejistiri na mwenye heshima yake, alikubali. Angekwenda mwanamme, hata angekuwa bingwa wa dunia, jibu lingekuwa jengine. Nimewasikia watu wakisema kwamba wasichana wa Pemba hawachezi kwa sababu ya mila. Nilivyoona mimi, wazee wetu hawakuukataa mchezo. Walichokuwa wakikiuliza ni nani atakuwa na mtoto wao mpaka saa ngapi, na swali hilo lilikuwa na jibu kila alipokuwepo mwanamke aliyefunzwa.

Udhaifu wake ulikuwa kwamba kila kitu kilikaa juu ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mtumishi wa Serikali anayehamishwa. Akiolewa akahama, akipandishwa cheo akapelekwa Unguja, akistaafu, alichukua pamoja naye mazoezi, kanuni, ruhusa za wazee na ratiba. Nguzo zilibaki zikaota kutu. Nimepita skuli mbili tatu za wilaya yetu nikaona nguzo za namna hiyo, na kila nilipouliza niliambiwa, "Alikuwepo mwalimu mmoja hapa..."

Juu ya skuli kuna vyama. Michezo si jambo la Muungano, kwa hiyo Bara wana CHANETA na Zanzibar tuna CHANEZA, chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar. Katika shirikisho la dunia, ambalo tangu 2021 linajiita World Netball, mwanachama ni Tanzania. Maana yake kwa mtu wa Mkoani ni safari ndefu. Mwamuzi anayetaka kupanda daraja hutoka wilayani, akaenda Chake Chake, kiasi cha kilomita 30, ambako ndiko kwenye uwanja wa Gombani. Kisha Unguja kwa meli. Kisha Dar es Salaam. Na baada ya hapo ndipo milango ya nje. Kwa ngazi ya kimataifa kuna mtihani wa maandishi, kuna kupimwa mbio, na kuna kutazamwa ukiamua mechi za kiwango cha juu, si moja. Kitabu cha kanuni kinatolewa kwa Kiingereza kizito, na kinabadilika: kuna toleo la 2016, la 2020, na la 2024. Aliyejifunza kwa toleo la zamani asiposoma jipya anaweza kuwa na uzoefu wa miaka ishirini na bado akakosea.

Upande wa wachezaji ngazi ipo zaidi kidogo. Timu zinazojulikana Zanzibar ni za vikosi, kama JKU, KVZ na Mafunzo, na msichana mwenye kipaji anaweza kupata ajira humo. Ni jambo jema, na zipo nyumba kwetu zinazokula kwa sababu ya mtoto aliyeweza kuruka na kudaka. Lakini vikosi vinachukua mchezaji aliyekwisha kuiva. Nani anampika? Na anayechukuliwa huondoka na meli. Si kawaida kurudi kufundisha wadogo zake.

Timu ya taifa, Taifa Queens, nayo imepitia jambo linalofanana na letu kwa ukubwa wake. Mwaustralia Simone McKinnis, mchezaji mashuhuri wa nchi yake, aliifundisha kabla ya kukabidhiwa Melbourne Vixens, klabu aliyoanza nayo msimu wa 2013. Kocha wa namna hiyo ni bahati. Lakini kocha wa kigeni akiondoka, yanayobaki ni yale tu ambayo walimu wa nyumbani waliyanakili.

Sasa niseme mwamuzi wa netiboli anafanya nini hasa, kwa sababu wengi wanaochangia jumuiya hii ni wanaume wa kandanda na wanadhani filimbi ni filimbi.

Uwanja una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Waamuzi ni wawili, kila mmoja na nusu yake na mstari wake wa pembeni, naye hukaa nje ya mistari akikimbia kando na nyuma ya goli. Haingii katikati kama refa wa kandanda. Aliyeudaka mpira ana sekunde 3 tu za kuutoa, na mwamuzi anazihesabu kichwani huku akiangalia miguu, maana anayetua kwa mguu mmoja anaweza kuunyanyua mguu ule, lakini haruhusiwi kuurudisha chini kabla mpira haujamtoka mkononi. Wakati huo huo aangalie mlinzi: yuko umbali wa mita 0.9 kutoka mguu wa mwenye mpira, au amesogea? Ameugusa mpira au mkono? Kisha kuna duara la kufungia, lenye nusu kipenyo cha mita 4.9, na wanaoruhusiwa ndani ni wanne tu kati ya kumi na wanne.

Akipuliza, haitoshi kupuliza. Anatakiwa aseme kosa ni gani na adhabu ni ipi, aonyeshe kwa mkono, na aonyeshe mahali. Kosa likiwa la kugusana au kuzuia kwa karibu, aliyekosa anasimama kando, nje ya mchezo, mpaka mpira upigwe. Na kuna wakati mwamuzi ameliona kosa na anatakiwa asipulize, kwa kuwa akipuliza atawaonea waliokosewa. Haya yote yanatokea ndani ya pumzi mbili, na robo ni dakika 15, na robo ni nne. Bwana yule wa kandanda angewezaje?

Nimeona mafunzo ya waamuzi mara moja, na kilichonishangaza ni namna wanavyoanzia mbali na filimbi. Kwanza wanatembea. Wanafundishwa kusogea pembeni bila kuutupa jicho mpira, kurudi nyuma, kusimama kwenye pembe ambayo wanaona mguu na mkono kwa pamoja. Kisha sauti. Dada mmoja, mpole sana, alikuwa akipuliza kama anayeogopa kumwamsha mtoto, na mkufunzi akamwambia filimbi ndogo huzaa ugomvi mkubwa. Alasiri nzima alipuliza peke yake kwenye kona ya uwanja, fupi, ndefu, fupi, ndefu, mpaka watoto wa jirani wakaanza kumwigiza. Siku ya tatu aliamua mechi nzima na hakuna aliyembishia.

Kocha ana shule yake nyengine. Wengi kwetu hufundisha kwa kuchezesha mechi: gawaneni, chezeni. Wasichana wanafurahi, lakini mwenye kosa la mguu analicheza kosa lake kila siku mpaka linakuwa tabia. Kocha aliyefunzwa huvunja mchezo vipande. Leo kutua tu. Kesho kuachana na mlinzi bila kumgusa. Keshokutwa mpira wa senta, maana kila baada ya bao mchezo huanza tena katikati, na timu isiyojua kuanza hupoteza nusu ya nafasi zake. Tena anajua namna ya kupasha viungo na kumtuliza mchezaji anayetua vibaya, jambo kubwa kwenye viwanja vyetu vya udongo mwekundu ambavyo vikikauka huwa kama saruji na vikirowa huwa kama sabuni. Magoti mangapi ya wasichana wetu yameharibika kwa kuwa hakuna aliyewaambia wakunje?

Tutazame majirani. Uganda walicheza mashindano ya dunia mwaka 1979, kisha wakapotea mpaka 2015 waliporudi Sydney. Mwaka 2023 Kombe la Dunia lilipofanyika Cape Town, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, She Cranes walimaliza wa 5, mbele ya wenyeji Afrika Kusini. Watu wanamtaja Peace Proscovia, mfungaji mrefu aliyecheza Uingereza na Australia, na anastahili kutajwa. Malawi walimaliza wa 7. Nchi ile si tajiri kutuzidi kwa kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Kwao netiboli inachezwa kila kijiji, na wachezaji wakubwa hawapotei: Mary Waya, aliyeichezea nchi yake kwa miaka mingi, alipoacha kucheza aligeukia ukocha. Kilichonivutia katika habari za Malawi ni hicho. Mchezaji anapostaafu mchezo unampa kazi nyengine, na aliyecheza jana anafundisha leo.

Kwetu anapostaafu anakuwa mama wa nyumbani, na mkoba wake wa kumbukumbu unafungwa. Wapo. Naweza kuwahesabu kutoka Ng'ombeni mpaka Mtambile, wanawake wa miaka thelathini na arobaini ambao mikono yao bado inajua, wanaouza vitumbua, wanaofundisha madrasa, wanaolima mwani. Ukimpa mpira mmojawao uani atakuonyesha kudaka kwa mkono mmoja huku akicheka. Hawana cheti, na asiye na cheti haalikwi kuamua hata mechi ya shehia.

Wilaya yetu ina mambo yake yanayofanya suala hili liwe gumu zaidi kuliko Unguja Mjini. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 97,867, waliotawanyika katika vilima na mabonde, na wengine kwenye visiwa kama Makoongwe na Kisiwa Panza ambako timu husafiri kwa mashua. Kupata kipande tambarare cha mita thelathini kwetu si jambo dogo. Na kikipatikana, msimu wa karafuu hugeuka uwanja wa kuanikia, na sijapata kumwona kocha aliyeweza kumwambia mtu aondoe karafuu zake. Saa za mazoezi ni finyu. Asubuhi skuli, mchana chuoni, halafu kazi za nyumbani. Kinachobaki ni muda mfupi baina ya alasiri na magharibi. Kocha wa kutoka Chake, akingoja gari, muda huo umekwisha njiani. Kocha wa shehia ile ile anatoka mlangoni kwake na viatu mkononi.

Ndiyo maana sishawishiki na wazo linalorudi kila mwaka, la kuwanunulia watoto jezi na mipira peke yake. Jezi nzuri nimeziona. Zilitolewa kwa hafla, zikapigwa picha, na baada ya miaka miwili nikaziona zikifutia baiskeli. Sisemi zisinunuliwe. Nasema zinunuliwe baada ya kujua nani atasimama na watoto siku ya Jumanne, hafla ikiwa imeshasahaulika.

Jambo moja zaidi kwa wale wenzetu walio Maskati, Dubai, London na Toronto, ambao mara nyingi ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa kitabu hiki. Baadhi yenu mna mabinti wanaocheza netiboli katika skuli za huko, hasa Uingereza. Huko mtoto wa miaka 14 anaweza kuanza kujifunza kuamua mechi za wadogo zake, akiwa na mtu mzima kando yake. Binti mmoja wa kwetu aliyekuja likizo alishika filimbi katika mechi ya mtaani hapa Mkoani, kwa Kiswahili cha kuvunjika, na wasichana wote walimsikiliza kwa sababu kila uamuzi aliutaja kosa lake. Walipomaliza walimzunguka wakimuuliza maswali mpaka adhana ya magharibi. Kitabu cha kanuni alichokuja nacho alikiacha, na nasikia kimeshachanika jalada kwa kupitishwa mkono hadi mkono.

Pendekezo lililowekwa mbele ya jumuiya mwaka huu ni la kawaida kabisa. Wanawake waliocheza zamani na walimu wa skuli wanaotaka, wawili kutoka kila eneo, ili mmoja akihamishwa au akijifungua mwengine abaki, wapelekwe kwenye mafunzo ya awali ya uamuzi na ukocha pale vyama vinapoyatangaza, Gombani au Unguja. Wakirudi, kila wawili wakabidhiwe skuli zilizo karibu nao na wapewe mechi za kuamua mfululizo, kwa sababu mwamuzi asiyeamua husahau. Wazee waelezwe mapema, na waelezwe na hao hao wanawake. Kanuni zifasiriwe kwa Kiswahili chetu kwenye karatasi chache zinazoweza kukunjwa mfukoni, na zirekebishwe kila toleo jipya linapotoka.

Kinachoombwa kwa kila mmoja wao ni nauli ya meli kwenda na kurudi pale mafunzo yanapokuwa Unguja, nauli ya gari yanapokuwa Chake, malazi ya siku za mafunzo, ada kama ipo, saa ya mkononi yenye kuhesabu sekunde, na filimbi mbili, maana moja hupotea. Majina ya wanaopendekezwa yanapokelewa na wajumbe wa kila shehia. Jina la kwanza lililoletwa ni la mmoja wa wasichana kumi na wanne wa mechi ile. Ndiye aliyekuwa na WA kifuani.